Wiski ya pipa la mvinyo mwekundu: Jinsi ya kuionja na somo lake kwa zabibu za Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WISKI iliyokaa ndani ya mapipa yaliyowahi kuhifadhi mvinyo mwekundu si kitu kigeni tena kwenye rafu za maduka makubwa ya vileo mijini, lakini wanunuzi wengi bado hawaelewi ni kitu gani hasa kinachoifanya iuzwe kwa bei ya juu kuliko wiski ya kawaida.

Wapo wanaodhani kuwa wiski hiyo imechanganywa na mvinyo. Wapo pia wanaoamini kuwa rangi yake inayokaribia wekundu wa shaba ni ushahidi tosha wa ubora. Dhana zote mbili si sahihi, na anayezishika huweza kulipia rangi badala ya ladha.

Kwa mkazi wa Dodoma suala hili lina uzito wa pekee. Mkoa huu ndio kitovu cha zabibu za mvinyo nchini, na kilio cha wakulima wake kwa miaka mingi kimekuwa ni bei na soko. Ikiwa pipa tupu, lililobakiwa na unyevu wa mvinyo tu, linaweza kupandisha thamani ya kinywaji kingine kabisa, ni vyema kufahamu thamani hiyo inatokana na nini na kama Dodoma ina la kujifunza.

Kimea na kiwanda kimoja

Wiski inayoandikwa 'single malt' kwenye lebo ni ile iliyotengenezwa kwa maji, hamira na kimea cha shayiri pekee, katika kiwanda kimoja. Umoja unaotajwa hapo ni wa kiwanda, si wa pipa. Kiwanda kinaruhusiwa kuchanganya mapipa yake mengi yenye umri tofauti, ila umri unaoandikwa kwenye chupa lazima uwe wa wiski changa kuliko zote zilizomo.

Kimea si neno geni kwa wakazi wa uwanda wa kati. Katika vijiji vya Wagogo, mtama au uwele hulowekwa, huachwa uchipue, kisha huanikwa na kusagwa kabla ya kutengenezwa pombe ya kienyeji iitwayo ujimbi. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoliwa na hamira na kuzaa kileo. Shayiri ya wiski hupita njia hiyo hiyo.

Tofauti huanza pale pombe hiyo ya shayiri inaponerekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa na kupozwa. Viwanda vya Uskoti vinavyotengeneza wiski ya aina hii hutumia mitungi mikubwa ya shaba, na vingi hurudia kazi hiyo mara mbili. Kinachotoka mwishoni ni kimiminika chenye kileo cha takriban asilimia 70, kisicho na rangi yoyote, cheupe kama maji ya kisima.

Hapo bado hakijaitwa wiski. Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji hicho kikae ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700 kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kinapotiwa kwenye chupa kiwe na kileo kisichopungua asilimia 40. Kwa maneno mengine, rangi yote ya asili na sehemu kubwa ya ladha anayoikuta mnywaji huingia baada ya kazi ya mtungi kwisha. Huingia kutoka kwenye mti.

Pipa linafanya kazi gani

Mwaloni umependwa kwa sababu za kimaumbile. Mbao zake hupindika zikipashwa moto, ni imara, na vishipa vya mwaloni mweupe huzibwa na utando wa asili unaozuia kimiminika kuvuja. Hata hivyo hewa kidogo hupenya, na hewa hiyo hulainisha ukali wa kileo kichanga.

Ndani, pipa huokwa au kuchomwa kwa moto. Joto hilo huvunja sehemu ya mti na kutoa harufu zinazofanana na vanila, sukari iliyoungua, karafuu na moshi mwepesi. Mwaloni wa Marekani husifika kwa vanila na harufu ya nazi, wakati ule wa Ulaya hutoa zaidi viungo na tanini, ambayo ni ile hali ya ukakasi inayokausha ulimi.

Pipa la mvinyo mwekundu lina nyongeza yake. Pipa la kawaida la eneo la Bordeaux nchini Ufaransa huwa na ujazo wa lita 225, na mvinyo unapokaa humo kwa miezi mingi hupenya ndani ya mbao. Pipa likishamiminwa, lita kadhaa za mvinyo hubaki zimenywewa na mti wenyewe. Wiski inapotiwa humo huufuata unyevu huo, ikachota rangi, tanini, ugwadu na harufu za matunda.

Joto la mchana huitanua wiski na kuisukuma ndani ya mbao, na ubaridi wa usiku huirudisha. Mwendo huo wa kuingia na kutoka, unaorudiwa kwa miaka, ndio kazi yote ya pipa.

Zipo njia mbili za kulitumia. Ya kwanza ni kuihifadhi wiski ndani ya pipa la mvinyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ya pili, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, ni kuikuza kwanza katika pipa la kawaida, mara nyingi lililowahi kuhifadhi wiski ya Marekani iitwayo bourbon, kisha kuihamishia kwenye pipa la mvinyo kwa miezi michache au mwaka mmoja na zaidi ili imalizie humo. Lebo inayosema 'finish' huzungumzia njia hii ya pili. Mnunuzi makini husoma neno hilo kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa kukaa miezi sita si sawa na kukaa miaka kumi.

Kuonja hatua kwa hatua

Kuonja si kunywa. Kiasi cha mililita 15, ambacho ni nusu ya toti ya mililita 30, kinatosha kwa mtu mmoja, na waonjaji wa kazi hutema baada ya kuionja.

Glasi inayofaa ni ndogo, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Chumba kisiwe na moshi wa nyama choma wala manukato makali, na barafu isiwekwe mwanzoni kwa sababu ubaridi huzuia harufu kupanda.

Hatua ya kwanza ni macho. Glasi huinuliwa mbele ya kitu cheupe. Wiski ya pipa la bourbon huwa na rangi ya majani makavu au ya dhahabu, na ile ya pipa la mvinyo mwekundu huelekea kwenye shaba, waridi au wekundu wa kahawia. Hata hivyo rangi si shahidi wa kuaminika. Kanuni za Uskoti zinaruhusu kuongezwa kwa rangi ya karameli, na hivyo baadhi ya viwanda huandika waziwazi kuwa rangi ya kinywaji chao ni ya asili.

Hatua ya pili ni pua. Glasi husogezwa polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo ili mvuke wa kileo usiunguze. Kwanza hutafutwa harufu ya nafaka: uji wa moto, mkate unaotoka jikoni, asali. Baada ya hapo hutafutwa alama ya mvinyo. Kwa mtu wa Tanzania ya kati, mifano iliyo karibu ni zambarau mbivu, zabibu zilizokauka juani, ukwaju na maganda ya chungwa. Iwapo hakuna harufu ya nafaka hata kidogo, pipa huenda limekwisha kuimeza wiski.

Hatua ya tatu ni ulimi. Tone dogo huzungushwa mdomoni kwa sekunde kadhaa kabla ya kumezwa au kutemwa. Mambo matatu huangaliwa: utamu unaotangulia, ugwadu unaofuata na ukakasi unaobaki kwenye fizi na kingo za ulimi. Aliyekula zambarau anaufahamu ukakasi huo, na anafahamu pia kuwa tunda lililoiva unakuwa nao kwa kiasi cha kupendeza, ilhali bichi hukausha mdomo mzima. Kwa wiski ya pipa la mvinyo kipimo ni hicho hicho.

Hatua ya nne ni maji. Matone machache ya maji safi yasiyo na harufu ya dawa huongezwa, kisha glasi hunuswa upya. Maji hupunguza makali ya kileo na kuachia harufu zilizokuwa zimefungwa. Wiski iliyotengenezwa vyema hufunguka, na mara nyingi matunda hujitokeza zaidi. Ile iliyofichwa nyuma ya rangi na makali hulegea na kubaki tupu.

Hatua ya mwisho ni muda. Baada ya kumeza, mwonjaji huhesabu ni kwa kiasi gani ladha inadumu na inageuka kuwa nini. Ikiisha ghafla, au ikiacha uchungu wa mbao mbichi, pipa lilikuwa dhaifu au wiski ilikaa humo kupita kiasi.

Kwa ujumla, ubora wa wiski ya namna hii hupimwa kwa uwiano. Kimea kisikike, mti usikike, mvinyo usikike, na hakuna kimoja kinachowanyamazisha wenzake.

Joto huharakisha, lakini hutoza

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa wiski nzuri ya kimea ni zao la nchi za baridi. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2015, wakati wiski ya Kavalan Solist Vinho Barrique kutoka Taiwan ilipotajwa katika tuzo za World Whiskies Awards kuwa wiski bora ya kimea ya kiwanda kimoja duniani.

Kiwanda cha Kavalan kilichopo Yilan, eneo lenye joto na unyevunyevu, kilianza kunereka mwaka 2006. Maana yake ni kuwa wiski iliyoshinda haikuwa imefikisha hata miaka 10. Ilikuzwa katika mapipa ya mvinyo yaliyokwanguliwa ndani, yakaokwa na kuchomwa upya, utaratibu uliohimizwa na mtaalamu wa Uskoti, Dk. Jim Swan.

Joto hufanya kazi ya mti iende kasi, lakini hutoza gharama yake. Uskoti hukadiriwa kupoteza takriban asilimia 2 ya wiski kila mwaka kwa kuyeyuka kupitia mbao, wakati katika nchi za joto upotevu huo huweza kufika asilimia 10 na zaidi. Kwa hesabu rahisi, pipa la lita 225 linalopoteza asilimia 2 kwa mwaka hubaki na takriban lita 184 baada ya miaka 10. Likipoteza asilimia 10 kwa mwaka, hubaki na takriban lita 78 tu.

Barani Afrika, mfano ulio karibu zaidi uko Wellington nchini Afrika Kusini, katika kiwanda cha James Sedgwick kinachotengeneza wiski ya Three Ships. Kiwanda hicho kilitoa wiski yake ya kimea ya miaka 10 mwaka 2003, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na baadaye kikatoa wiski ya miaka 15 iliyomaliziwa kwenye mapipa ya mvinyo wa Pinotage. Pinotage ni zabibu nyekundu iliyozalishwa nchini humo mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kukutanisha aina mbili za Ufaransa, Pinot Noir na Cinsault.

Ina maana kuwa Afrika Kusini ilichukua zabibu iliyobuniwa na watafiti wake, ikatengeneza mvinyo, kisha ikalitumia pipa la mvinyo huo kukipa kinywaji kingine jina na bei. Zabibu moja ikauzwa mara mbili.

Dodoma iko wapi

Dodoma iko katika mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake, ambazo kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukame unaowatesa wakulima wa mahindi ndio unaoupendeza mzabibu, kwa kuwa hewa kavu hupunguza magonjwa ya ukungu, na mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Kilimo hicho kinahusishwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana waliopanda mizabibu katika miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye Serikali ilianzisha Kampuni ya Mvinyo ya Dodoma, DOWICO, ambayo kuyumba kwake kuliwaacha wakulima wengi bila mnunuzi wa uhakika. Katika miaka ya 2000 kiwanda cha CETAWICO kilianza kazi Hombolo, na viwanda vingine vidogo vikafuata. Utafiti wa miche unafanyika Makutupora, kituo kilichoipa jina zabibu nyekundu ya Makutupora, inayolimwa pamoja na aina za kigeni kama Chenin Blanc na Syrah.

Tatizo kubwa halijawahi kuwa ubora wa jua wala udongo. Zabibu zikishakatwa huanza kuharibika ndani ya siku chache, na mkulima asiye na mahali pa kuzihifadhi hulazimika kuuza kwa bei anayotajiwa. Ndiyo maana matangi ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu yamekuwa kilio cha kila msimu. Mwenye tangi husubiri bei, asiye nalo husubiri huruma ya mnunuzi.

Pipa ni hatua ya mbali zaidi katika njia hiyo hiyo. Mwaloni hauvunwi nchini, hivyo pipa lazima liagizwe kutoka nje, na mvinyo unaofaa kukaa humo ni ule wenye tanini na ugwadu wa kutosha kuhimili mwaka au zaidi. Mvinyo mwingi duniani hautengenezwi kwa ajili hiyo, huuzwa ukiwa mchanga, na hakuna aibu katika hilo. Lakini pasipo mvinyo mwekundu uliokomaa ndani ya mti, hakuna pipa la kuuza wala la kulitumia upya.

Hali ya hewa nayo ina neno. Katika ghala lenye joto na hewa kavu, maji huelekea kuyeyuka haraka kuliko kileo, hivyo kinywaji hupungua huku makali yakipanda, tofauti na Uskoti yenye unyevu ambako makali hushuka. Yeyote atakayejaribu kukuza kinywaji kikali kwenye uwanda huu atalazimika kulipangia jambo hilo mapema, kwa ghala lenye kivuli, mapipa yanayokaguliwa mara kwa mara na muda mfupi zaidi wa kuhifadhi.

Njia iliyo karibu zaidi na zabibu kuliko wiski ni brandi, ambayo hupatikana kwa kunereka mvinyo na kuukuza mwaloni humo humo. Ufaransa inataka brandi yake mashuhuri ya Cognac ikae ndani ya mwaloni kwa miaka isiyopungua miwili. Faida yake kwa eneo lenye ziada ya zabibu ni kuwa kinywaji kilichonerekwa hakiozi. Zao linaloharibika kwa siku chache hugeuka kuwa mali inayoweza kusubiri kwa miaka.

Sheria ya ushuru wa bidhaa tayari imetambua sehemu ya hoja hii kwa kuutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ushuru mdogo kuliko ule uliotengenezwa kwa zabibu za kigeni. Nafuu hiyo hulinda bei ya mvinyo, lakini haijengi ghala wala tangi. Kinachohitajika ni mtaji wenye subira, jambo ambalo mkulima mwenye ekari moja hawezi kulibeba peke yake.

Tahadhari kwa mnunuzi

Wiski ya bei ya juu ni kishawishi kwa waghushi. Tangu Januari 2019 vinywaji vikali na mvinyo viliwekwa katika mfumo wa stempu za kodi za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na stempu hiyo huweza kuhakikiwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Kizibo kilicholegea, lebo iliyobandikwa kombo au bei iliyo chini mno ni sababu ya kutosha ya kuacha chupa dukani. Kileo bandia huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua.

Pia isisahaulike kuwa kuonja hakuondoi madhara ya kileo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na sheria ya nchi hairuhusu kuwauzia walio chini ya miaka 18. Mwenye kuendesha gari hana sababu ya kumeza hata tone la kuonja.

Kwa aliyeamua kununua, kanuni ni nyepesi: asome lebo kujua wiski ilikaa ndani ya pipa la mvinyo kwa njia gani, asidanganywe na wekundu wake, na atafute kimea nyuma ya tunda. Kwa Dodoma kanuni inakaribiana na hiyo. Zabibu ipo na jua lipo, na kinachopandisha bei ni muda ambao zao hilo linaweza kuhifadhiwa kabla ya kuuzwa. Mkoa utakaoweza kulipia muda huo ndio utakaoandika jina lake kwenye lebo.